Kumsifu Mtu kwa Sura Yake: Desturi ya Wajapani

Yako maneno ambayo kwa kuyatazama juu juu yaonekana ni uwongo, na yakipimwa vyema huonekana sivyo. Katika hayo ni jawabu la Mjapani anaposifiwa sura yake au vazi lake. Aambiwapo amependeza, mara nyingi hukana: "Iie, sonna koto nai desu," yaani, la, si hivyo. Je, asema uwongo?

Kwanza natuitazame sifa yenyewe. Wanalo neno "kirei", lenye maana ya zuri na ya safi pia. Lakini kumwambia mtu asiyekuzoea kuwa yeye ni mzuri ni jambo zito. Kwa hivyo wengi huiondoa sifa mwilini wakaiweka kwenye nguo: "O-niai desu ne," yaani, imekukaa vyema. Husifiwa alichokichagua mtu, si alichozaliwa nacho, nasi twaona hiyo ni busara. (Ingawa wako pia wamwambiao mtu kuwa uso wake ni mdogo, na kwao hiyo ni sifa! Mgeni asiyejua huenda akaudhika bure.) Ama mbele ya mwalimu au mkubwa wa kazi hujizuia zaidi, kwani kusifu ni kupima, na mdogo hampimi mkubwa wake.

Turudi kwenye kukana. Uwongo ni neno lililokusudiwa kumdanganya msikiaji. Hapa ni nani aliyedanganywa? Aliyesifu haondoki akiamini kuwa nguo ile ni mbaya. Amejua tu kwamba mwenzake hakutaka kujikweza. Wako pia wanaoitikia "Arigatō gozaimasu", ahsante, wala hatuoni kiburi katika hilo. Ama akanaye mara ya pili na ya tatu, hata msifu akakaribia kuapa, huyo twamshuku kuwa ataka aongezewe.

Tena Wajapani wenyewe wanalo jina la sifa isiyotoka moyoni, "oseji". Mfano wake ni muuza nguo amwambiaye kila aingiaye dukani kuwa kila ajaribucho kimemkaa, na mnunuzi akaamini, akatoa fedha zake. Swali letu la uwongo lafaa aulizwe huyo, si yule aliyesema "sonna koto nai desu" akainamisha kichwa.