Je, Ni Dhambi Kumwambia Ndugu «Siwezi» Siku za Noeli?

Noeli ni sikukuu ya furaha. Siku hiyo Wakristu hukumbuka kwamba Mwana wa Mungu alijifanya mtu, akazaliwa Betlehemu ili awakomboe watu wote. Lakini katika nyumba nyingi furaha hiyo hutanguliwa na mahangaiko. Tangu mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili baba wa nyumba hapati usingizi. Mama naye anahesabu na kuhesabu tena fedha zilizofungwa katika pindo la kitenge, na kila mara zinapungua. Huyu ameomba kuku, yule ameomba nguo, mwingine ametuma habari kwamba atakuja na watu wake wote kukaa hata Mwaka Mpya. Kila mmoja amejibiwa «ndiyo», kwa sababu kusema «siwezi» ni aibu. Basi swali ni hili: Mkristu akimwambia ndugu yake «siwezi» siku za Noeli, je, anavunja amri ya mapendo?

MTU ALIYESEMA «NDIYO» KWA WOTE

Na afikiriwe mkatekumeni mmoja, mkulima wa milimani katika Kivu, mwenye mke na watoto wanne. Amevuna maharage, sehemu ameuza, sehemu ameiweka iwe mbegu za kupanda mwezi wa pili. Fedha alizopata si nyingi, nazo zina kazi yake: madaftari ya watoto, na deni la dawa katika zahanati, maana mtoto wa mwisho aliugua malaria.

Mjomba wake anakuja kumwomba mbuzi wa sikukuu. Anajibu: «Ndiyo, Mjomba.» Shemeji yake anaomba fedha za nguo mpya. Anajibu: «Ndiyo, Shemeji.» Vijana wa kijiji wanakusanya mchango wa pombe ya ndizi, anaahidi. Waimbaji wa kanisa wanataka kushona sare; anaahidi pia. Kila anaposema «ndiyo» uso wake unacheka, lakini moyoni jiwe moja linaongezeka juu ya jingine.

Juma la Noeli linafika. Anauza mbegu, hazitoshi. Anakopa kwa mchuuzi, bado hazitoshi. Mwishowe, anapomwona mtu akipanda njia ya kwake, anaingia ndani na kumwambia mtoto: «Sema, Baba hayupo.» Usiku wa mkesha anagombana na mkewe, naye mke hana kosa. Asubuhi ya Noeli kengele inapigwa, jirani zake wanakwenda kusali, yeye anabaki kitandani akisingizia maumivu ya kichwa. Kweli anaogopa kukutana mlangoni mwa kanisa na wale aliowaahidi. Na mjomba? Mjomba alikwisha kuwaambia wageni wake kwamba watakula nyama. Alikaa akimngojea mbuzi hata jua likachwa, akaaibika mbele ya watu wake.

Mtu huyu hakutaka kumwumiza yeyote. Lakini hesabu ya mambo yake ni nzito. Mjomba ameumizwa kuliko kama angaliambiwa kweli mapema. Mke amefokewa bure. Mtoto amefundishwa uwongo na baba yake mwenyewe. Watoto wote wamenyang'anywa mbegu, yaani chakula cha miezi ijayo. Zahanati haijalipwa. Na Bwana Yezu, mwenye sikukuu, hakusaliwa siku ya kuzaliwa kwake.

MZIZI WA MABAYA HAYO

Watu husema: «Alikuwa na moyo mwema mno.» Sivyo. Moyo mwema hutoa kilicho chake. Yeye alitoa asichokuwa nacho. Mapendo humtazama ndugu na shida yake. Yeye alijitazama mwenyewe na sifa yake. Hakuuliza: «Mjomba anahitaji nini?» Aliuliza: «Watasema nini juu yangu?» Kumbe jina la mzizi huo si mapendo, ni woga.

Tena ule «ndiyo» wake ulikuwa uwongo tangu ulipotoka kinywani, kwa maana alijua kwamba hataweza. Mtakatifu Agostino, Askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika kitabu kizima juu ya uwongo, karibu na mwaka 395. Humo alifundisha kwamba hakuna uwongo ulio halali, hata ule unaosemwa kwa kumpendeza mtu. Naye Bwana Yezu katika Injili ya Mtakatifu Mateo aliagiza kwamba ndiyo ya mtu iwe ndiyo kweli, na siyo yake iwe siyo kweli. Wazee nao walijua jambo hilo waliposema: «Ahadi ni deni.» Na juu ya wale wanaokopa kwa ajili ya sherehe walisema: «Kukopa harusi, kulipa matanga.»

JE, BWANA YEZU ALIWAKUBALIA WATU KILA WALICHOTAKA?

Wengi hudhani hivyo, lakini Injili inaonyesha mengine. Mtu mmoja alimwomba amwamuru ndugu yake wagawane urithi. Yezu alikataa kuwa mwamuzi wao. Huko Kafarnaumu watu wote walikuwa wakimtafuta, nao Mitume wakaja kumwita. Yeye akajibu kwamba sharti aende kuhubiri vijiji vingine. Hakuwachukia watu wa Kafarnaumu. Alijua kazi aliyopewa na Baba yake, wala hakuiacha kwa kuwa anaitwa na wengi.

Mitume walimfuata katika hilo. Palipotokea manung'uniko juu ya chakula cha wajane, hawakusema, «Tutafanya yote sisi.» Walisema wazi kwamba haifai waache neno la Mungu, wakawaagiza waamini wachague watu saba wa kuwahudumia wajane. Kwa hiyo wajane walipata chakula, na neno la Mungu halikuachwa.

Tena watazamwe Yosefu na Maria. Walipompeleka Mtoto hekaluni, sheria ya Musa ilitaka mwana-kondoo; lakini iliwaruhusu maskini kutoa ndege wawili. Mtakatifu Luka anasimulia sadaka ya ndege wawili. Yosefu hakukopa mwana-kondoo ili watu wa Yeruzalemu wamheshimu. Alitoa sadaka ya maskini, naye aliyebebwa mikononi siku ile alikuwa Mfalme wa mbingu.

Na Mtakatifu Fransisko wa Asizi, alipotaka kuwaonyesha watu wa Greccio katika Italia jinsi Yezu alivyozaliwa, mwaka 1223, hakutafuta mapambo ya bei. Alitaka hori lenye majani makavu, ng'ombe na punda. Yatosha.

NENO LA WAPINZANI

Labda mzee atasema: «Maneno haya ni ya watu wa mjini wanaofunga milango. Kwetu mtu ni watu. Ukimnyima ndugu, utamwendea nani siku ya msiba?» Tena ataongeza: «Hata Betlehemu walisema hakuna nafasi. Je, Mkristu awaige hao?»

Neno hilo ni zito, halifai kudharauliwa. Kusaidiana kwa jamaa ni mali kubwa ya Afrika, na Eklezya haikuja kuivunja. Tajiri anayesema «siwezi» huku mbuzi wake wamejaa zizi, anasema uwongo vilevile kama yule aliyesema «ndiyo» bila kuwa na kitu. Tena anamfungia mlango Yezu mwenyewe, aliyesema kwamba atakachonyimwa mdogo amenyimwa yeye. Kwa hiyo haifai mtu achukue neno «siwezi» kuficha uchoyo wake.

Lakini msaada wa jamaa husimama juu ya kweli, kama nyumba juu ya nguzo. Siku ya msiba watu humwendea yule ambaye neno lake ni neno. Anayeahidi kila mara bila kutimiza, mwishowe hakuna anayemtegemea, wala furahani wala msibani.

Na juu ya Betlehemu: Injili inasema kwamba hapakuwa na nafasi katika nyumba ya wageni, inasema pia kwamba Mtoto alilazwa horini. Nafasi haikuwapo; hori lilikuwapo. Hapo ndipo fundisho lilipo: asiye na nafasi na aseme kweli kwamba hana nafasi, kisha atazame kama hana hori.

NAMNA YA KUPIMA

Basi mtu anayeombwa ajiulize mambo matatu kabla ya kujibu.

Kwanza: Je, hii ni shida au ni starehe? Mwenye njaa, mgonjwa, mjane na yatima hawangojeshwi. Nyama ya kuwaonyesha wageni ni jambo jingine.

Pili: Je, kitu ninachoombwa ni changu kweli? Mbegu ni za watoto. Fedha ya deni ni ya mwenye deni. Hakuna ukarimu katika kutoa mali ya mwingine.

Tatu: Ikiwa siwezi hilo lote, naweza nini? Mtu asiyeweza mbuzi pengine aweza kuku. Asiyeweza kuku aweza sahani ya maharage, au siku moja ya kumlimia mjomba shamba lake.

NAMNA YA KUJIBU

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba fadhila hukaa katikati, kati ya kuzidi na kupungua. Vilevile kuna namna mbili mbaya za kujibu: ile ya mwoga, anayekubali yote, na ile ya mkali, anayekataa kwa matusi. Katikati yapo maneno ya mtu mwenye amani.

Mume na mke na wapatane kwanza, wakati wa Majilio, wala wasingoje juma la sikukuu. Kisha mume aende mwenyewe kwa mjomba wake mapema, asimtume mtoto. Amsalimu kwa heshima, aketi, aseme: «Mjomba, wewe ndiwe uliyenilea, wala sijasahau. Mwaka huu mbuzi siwezi. Nina deni la dawa, na mbegu siuzi, kwa kuwa ni chakula cha wajukuu wako. Siku ya Noeli nitakuletea kuku, nasi sote tutakuja kula pamoja nawe.» Yatosha. Asirefushe maneno, asizue ugonjwa wala safari ya uwongo.

Je, mjomba atafurahi? Pengine hapana. Pengine atanuna, pengine atasema maneno makali mbele ya watu. Gharama hiyo ni ya kweli, na haifai kuwaficha wakatekumeni. Lakini hasira ya mjomba ni mzigo wa mjomba. Kazi ya mpwa ni kutomrudishia ukali kwa ukali, kumsalimu wa kwanza kesho yake, na kuleta kuku aliyemwahidi. Kuku mmoja aliyefika ana heshima kuliko mbuzi asiyefika.

UBATIZO HUANZA NA KUKATAA

Jambo hili ladhaniwa kuwa dogo, lakini ni mazoezi ya jambo kubwa. Siku ya ubatizo, kabla hajaulizwa kama anasadiki, mkatekumeni huulizwa kama anamkataa shetani. Kwanza akatae, ndipo aungame imani. Naye asiyeweza kumwambia jirani «siwezi» kwa sababu ya aibu ndogo, atawezaje kusema «ninakataa» siku atakapoogofywa kweli?

Kongo ina mashahidi wa jambo hili. Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, alimkataa mtu mwenye silaha ili abaki mwaminifu kwa ahadi yake kwa Mungu, tena alimsamehe. Eklezya humkumbuka tarehe hiyohiyo, mwanzoni mwa mwezi wa Noeli. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, aliyeuawa Goma mwaka 2007, alikataa fedha za rushwa, asiruhusu chakula kilichoharibika kiuzwe kwa watu. Alitangazwa Mwenye Heri mwaka 2025. Wote wawili walikataa kwa kuwa walikuwa wamekwisha kusema «ndiyo» kwa Mungu, nao hawakutaka «ndiyo» ile iwe ya uwongo.

Basi jibu la swali ni hili. Si dhambi kumwambia ndugu «siwezi», ikiwa ni kweli, ikiwa ni kwa heshima, na ikiwa mkono unabaki wazi kwa kile kinachowezekana. Nyumba ya namna hiyo haitakuwa na nyama nyingi siku ya Noeli. Lakini baba atakuwa amelala usingizi, mama hatakuwa amelia, mtoto hatakuwa amefundishwa uwongo, mbegu zitakuwa katika kapu lake. Na kengele itakapopigwa, wote watatoka pamoja kwenda kumsalimu Mtoto aliyelazwa horini.