Kumuuzia Mgeni Tunachomkataza Mtoto

Suali lililoletwa mbele ya darsa letu mwezi uliopita halikutoka kitabuni. Lilitoka mfukoni mwa kijana mmoja wetu, mfanya biashara ya magari yaliyokwisha kutumika, ambaye wenzake watatu walimwamini fedha zao akasafiri nazo kwenda Singapore kutazama magari na vipuri. Katika mji ule magari hupita upande wa kushoto wa njia kama yetu, na sheria yao hufanya kukaa na gari zaidi ya miaka kumi kuwa gharama kubwa mno, basi watu huyatoa yangali mazima. Nasi huyapokea almuradi hayajapita miaka minane. Ni biashara safi, na ina faida. Lakini kijana huyu alikwenda kununua magari manne akanunua matatu. Fedha za la nne aliziacha juu ya meza ya kamari kwa usiku mmoja.

Hakuficha, na kwa hilo namshukuru. Alisimama mbele yetu sote akasema, na katika maneno yake yote moja ndilo lililotushughulisha. Alisema: "Dereva wa teksi aliyenipeleka, mwenyeji wa hapo, aliniambia kwamba yeye akitaka kuingia humo hutoa dola 150 za kwao kabla hajaugusa mchezo. Mimi sikutakiwa hata senti. Nilionyesha pasipoti, nikapita."

Baadhi ya waliokuwapo walicheka. Wengine waliisifu serikali ile, wakasema huo ndio uongozi: wamewajengea ukuta watu wao, na mgeni wakamwachia mlango, alete fedha zake. Mimi nilinyamaza usiku ule, kwa kuwa nilikuwa na jawabu la haraka na sikuliamini. Nimelizingatia jambo hili tangu hapo, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza tuutendee mji ule insafu, kwani nami niliwahi kufika huko na kukaa siku nne kwa jamaa wenye asili ya Hadhramaut. Singapore ni kisiwa ambacho wakaazi wake wote walikuwa hawajatimia milioni 6 mwaka 2019, na mwaka huo huo waliingia wageni zaidi ya milioni 19. Watu hawaji kwa wingi huo bila ya sababu. Mto wake, ambao zamani ulikuwa taka na uvundo, ulisafishwa kwa juhudi ya miaka kumi, tangu 1977 hata 1987, na maghala ya kando yake, Boat Quay na Clarke Quay, yakageuzwa kuwa mahali pa kula na kutembea usiku. Barabara iitwayo Orchard Road, iliyokuwa ikipita baina ya mashamba ya kungumanga na matunda, leo ni maduka juu ya maduka. Ni kweli kwamba usiku zipo pia ngoma na vilevi, kama palivyo katika kila mji wa bandari, nami sikwenda kuvitazama.

Lakini kilichonikaa moyoni ni chakula. Wachuuzi wa vyakula, ambao zamani walipika kandokando ya njia bila ya maji ya bomba wala mahali pa kumwaga taka, walihamishwa katika miaka ya 1970 na 1980 wakapewa vibanda chini ya mapaa makubwa, penye maji na mifereji. Desturi hiyo ya kula imeandikwa na UNESCO tangu mwaka 2020 kuwa urithi wa wanadamu. Nilikaa katika soko la Geylang Serai, mbele yangu sahani ya wali uliopikwa kwa tui, kulia kwangu kuli wa bandari, kushoto kwangu mzungu mwenye kamera shingoni. Sote watatu tulikula chungu kimoja, tukalipa bei moja. Mama aliyepakua hakuuliza nani wa wapi. Wanawe mwenyewe walikuwa meza ya nyuma, wakila wali ule ule.

Na katika mtaa wa Kampong Glam, penye Msikiti wa Sultan, niliona jambo lililo ndugu wa hilo. Msikiti huu uliopo leo ulikamilika mwaka 1932, na chini ya kuba zake pana mkanda mweusi ung'aao. Ukiukaribia utaona ni vitako vya chupa, ambavyo masikini wa mtaa walivitoa wapate nao kuwa na fungu katika jengo, wasiwe ni matajiri peke yao. Wageni huingia kutazama, na aliyevaa nguo fupi huazimwa joho mlangoni. Hapigwi marufuku, wala hapewi ruhusa asiyo nayo mwenyeji. Anatakiwa heshima ile ile wanayotakiwa wenye msikiti. (Hatua chache kutoka hapo wanauza murtabak. Mwenye kuula mkate mayai wetu wa Mombasa atajua mara moja kwamba ni watoto wa mama mmoja.)

Basi mji huu wajua kumpokea mgeni kwa kanuni moja na mtoto wake. Hata katika kukataza. Chingamu haiuzwi huko tangu mwaka 1992, isipokuwa ile ya dawa, na mgeni hana upendeleo. Sheria ya mwaka 2015 iliyozuia kunywa vileo hadharani usiku haikubagua baina ya mwenyeji na msafiri. Ndiyo maana mlango ule wa kamari wastaajabisha. Ni mlango mmoja katika mji mzima wenye kanuni mbili, na kanuni iliyo nyepesi ni ya mgeni.

Habari yake ni hii. Kwa miaka mingi nyumba za kamari za namna hiyo zilikuwa haziruhusiwi, na Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa tangu 1959 hata 1990, alikuwa miongoni mwa wapinzani wake. Mwaka 2005 serikali ilibadili shauri, ingawa viongozi wa dini mbalimbali walipinga, na mzee huyo naye akakubali. Mwaka 2010 yakafunguliwa majumba mawili makubwa, moja katika kisiwa cha Sentosa na jengine Marina Bay, lile lenye minara mitatu iliyobeba bustani mfano wa jahazi juu ya vichwa vyao. Ndani yake mna mahoteli, maduka na kumbi za mikutano, na kamari ni sehemu ndogo ya jengo. Serikali iliweka ada ya dola 100 kwa kila raia na mkaazi wa kudumu kwa siku moja, na mwaka 2019 ikaipandisha ikawa 150. Jamaa wa mtu aweza kuomba ndugu yake azuiliwe asiingie kabisa. Na ada hiyo hupelekwa katika mambo ya kheri. Singapore si ya pekee: Korea ya Kusini huwazuilia raia wake nyumba zote za kamari isipokuwa moja, na wenyeji wa Monaco hawaruhusiwi kucheza katika ile ya kwao iliyo mashuhuri duniani.

Sasa, mtetezi atasema: Mlezi ana dhima ya walio chini yake kwanza. Baba huwakataza wanawe wasiende dukani kwa fulani, wala hana haja ya kuwakataza watoto wa jirani, kwa kuwa wana baba yao. Hoja hii ina nguvu, na ndiyo iliyonifanya ninyamaze. Lakini nilipoigeuza niliona ufa wake. Inasimama maadamu duka ni la fulani. Duka likiwa ni la baba huyo mwenyewe, au yeye ndiye aliyelipa kibali chake na kuchukua kodi yake, mambo yamegeuka. Hapo si mlezi wa upande mmoja tu, bali ni muuzaji wa upande wa pili, na muuzaji ana dhima kwa mnunuzi awe ni wa kabila gani.

Na dhima hiyo yazidi kwa sababu hawezi kusema hakujua. Kiingilio kile ni ushahidi alioutoa juu ya nafsi yake. Mwenye kuuza maziwa yaliyochacha bila ya kujua ana udhuru. Mwenye kuwapokonya wanawe kikombe, kisha akakipeleka barazani kwa mgeni, udhuru wake u wapi?

Watasema tena kwamba mgeni ni mtu mzima, na asipocheza hapo atakwenda Macau. Ya kwanza ni kweli, na ndiyo sababu kijana wetu hakumlaumu mtu ila nafsi yake, nasi hatukumwondolea lawama. Lakini raia wa Singapore naye ni mtu mzima, na hakuachiwa utu uzima wake. Ama ya pili, ni maneno ya kila muuzaji wa kila kitu kibaya.

Liko jambo moja zaidi. Dola 150 hazimzuii tajiri. Humzuia dereva wa teksi. Na masikini atakayezitoa ataingia hali ameshapungukiwa, moyo wake ukitaka kuzirudisha kwanza. Sijui kama waliolipanga walilifikiri hilo.

Ningependa kuishia hapo, tukawa tumewahukumu watu wa mbali tukalala. Lakini mzee mmoja wa darsa letu aliuliza: sisi je? Akatukumbusha kwamba huku kwetu mgeni hulipa zaidi kumtazama ndovu katika mbuga, na hulipa zaidi kuingia Fort Jesus, na mwenyeji hulipa kidogo. Hilo halina ubaya, kwani urithi ni wa mwenyeji, naye mgeni anauchangia. Ni kinyume cha kule: huko mwenyeji ndiye atozwaye zaidi, kwa kuwa kinachouzwa si urithi. Akasema pia kwamba heri hao wa Singapore waliowakumbuka watoto wao japo kwa ada, kwani kwetu kamari ya mpira imewekwa ndani ya simu ya kijana, alale nayo chini ya mto, wala hapana mlinzi mlangoni kwa kuwa mlango wenyewe haupo. Nilikubali, sikuwa na la kujibu.

Kisha akalileta lililo karibu zaidi. Pwani yetu, tangu Malindi hata Diani, imejifunza neno moja: "Hayo ni mambo ya wageni." Kwa neno hilo mtu hupangisha nyumba yake ikawa ya ulevi na mengine, naye mwenyewe akakaa mtaa wa mbali, na binti yake akamkataza asiipite njia ile hata mchana. Akiulizwa husema, "Nimempangisha mtu, sijui afanyalo." Kama hajui, kwa nini bintiye hapiti? Marufuku ile ya nyumbani ndiyo dola 150 zake. Tafauti ni kwamba wenzetu wameandika ubao mlangoni, sisi tumeficha.

Kijana wetu amewaachia wenzake fungu lake katika magari matatu yaliyofika, na deni lililobaki atalilipa kidogo kidogo. Wenzake wamekubali, na safari ijayo atakwenda mwengine. Ama baada ya maneno ya mzee yule, alisimama mtu mmoja wa makamo ambaye hatukumtazamia, akasema nyumba yake moja imepangishwa hivyo hivyo, na mkataba umebakisha miezi minane. Alituuliza aivunje sasa na kulipa hasara, au angoje muda uishe na kodi ya miezi hiyo aitoe yote. Wawili walisema hivi na wawili wakasema vile. Tumeliweka suali lake kwa Alkhamisi.