Motokaa Itetemayo na Amri ya Tano



Wako wengi katika sharika zetu walio na motokaa, na nyingi katika hizo ni kuukuu, zimekwisha kutumika miaka mingi kabla ya kutufikia. Motokaa ya namna hii hupita kijijini kwa upole, pasipo neno lo lote. Lakini ikiingia katika barabara ya lami, tuseme ile ya Moshi kwenda Arusha, na mwendo ukifika kilometa 80 au 90 kwa saa, huanza kutetema. Mwenyewe hupunguza mwendo, mtetemo hukoma, naye husema moyoni kwamba si kitu, imezeeka tu.

Neno hilo ndilo tulitafakari leo. Maana uzee peke yake hautetemeshi gurudumu. Kiko kitu kilicholegea, au kilichopinda, au kisicholingana uzito, nacho chaweza kutafutwa kikaonekana.

Kwanza, yafaa tujue kwa nini mwendo wa polepole huficha kosa. Gurudumu la motokaa ndogo, likizunguka mara moja, hupita kama meta 2. Basi kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa huzunguka karibu mara 14 katika sekunde moja. Likiwa na gramu 20 zilizozidi upande mmoja wa rimu, uzito huo mdogo hulivuta kwa nguvu kama ya kilo 3, kila mzunguko. Mwendo ukipungua nusu, nguvu hiyo hubaki robo tu. Na gramu hizo 20 zatoka wapi? Yamkini ni tope lililokauka ndani ya rimu baada ya mvua, ama kile kipande cha risasi cha kusawazishia gurudumu kimeanguka njiani. Basi apunguzaye mwendo hakuliondoa kosa, amelifunika.

Pili, fundi mwenye akili hakimbilii spana, bali huuliza: Yatetema wapi, na wakati gani? Kama usukani watikisika mikononi, hutazama kwanza magurudumu ya mbele. Kama ni kiti na sakafu, hutazama ya nyuma, au ile shafti ndefu ipelekayo nguvu nyuma. Kama yatetema dereva akanyagapo breki tu, yamkini diski za breki hazina unene ulio sawa. Kama yatetema akanyagapo mafuta, ikakoma aondoapo mguu, huvishuku viungo vya shafti. Na kama yatetema hata ikisimama, injini ikiungurumishwa, basi kosa halimo magurudumuni, bali katika injini yenyewe au katika mipira iishikiliayo.

Tatu, huanza na yaliyo mepesi. Hukaza nati za magurudumu kabla ya yote, kwa kuwa nati zilizolegea zaweza kulitoa gurudumu njiani. Huosha tope ndani ya rimu. Huupapasa mpira pande zote. Akikuta uvimbe, ajua kwamba nyuzi za ndani zimekatika, na mpira huo hauna dawa, sharti utolewe. Husoma pia tarakimu 4 zilizopigwa ubavuni mwake: 2319 maana yake ulifanyizwa juma la 23 la mwaka 2019. Kisha huinua gurudumu kwa jeki, huitegemeza motokaa imara, hushika gurudumu juu na chini na kulitikisa, halafu kushoto na kulia. Likicheza, ziko beringi au viungo vilivyokwisha. Baadaye huyapeleka magurudumu kwenye mashine ya kuyasawazisha. Na akiwa bado na shaka, huyahamisha ya mbele nyuma: mtetemo ukihama kutoka usukanini kuja kitini, ajua kwamba kosa limo katika gurudumu. Abahatishaye hununua kitu hiki na kile, fedha zikaisha, na motokaa yatetema vile vile.

Basi, ndugu, mtu asidhani kwamba haya ni mfano tu. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther alifundisha kwamba Amri ya Tano haikatazi kuua kwa mkono peke yake. Yatudai tusimdhuru jirani mwilini mwake, bali tumsaidie katika haja zake za mwili. Na jirani yako ni nani, kama si wale wanakwaya uwapakiao siku ya sikukuu, na yule mama mgonjwa umpelekaye hospitali usiku? Wao hawaushiki usukani. Hawajui lile ujualo wewe. Wamekukabidhi roho zao, nao waimba nyuma yako huku mikono yako yatetema.

Labda mtu atasema, Sina fedha ya fundi. Kukaza nati na kuosha tope hakudai fedha. Likibaki kosa lisiloondoka, iache motokaa nyumbani na useme kweli mbele ya wazee. Nao wazee wasimhimize dereva asafiri hata hivyo, bali washirika wachange, kwa kuwa roho ni zao. Wala usimwuzie mwingine motokaa hiyo huku umemficha mtetemo wake. Hapo utakuwa umeivunja na Amri ya Saba pia.

Juma hili, kabla hujampakia mtu, izunguke motokaa yako, uiname, ushike, utazame. Kazi hiyo itakuchafua mikono, lakini ni kazi ya upendo, na Mungu aiona. Naye awalinde njiani ninyi nyote, mwendao na mrudipo. Amin.