Gramu 750

Kabla ya pambano la epee, kitara husimamishwa ncha juu na kuwekewa uzani wa gramu 750. Springi iliyo ndani ya ncha lazima iusukume uzani huo urudi juu. Ikishindwa, silaha inakataliwa. Ndiyo kusema ukimgusa mpinzani kwa nguvu isiyofika hapo, taa haiwaki na pointi huna. Robo tatu ya kilo, uzito wa ngege mmoja wa kushiba pale ufuoni.

Nauonea wivu mchezo ambao presha ina kipimo. Huku Kisian, pale barabara ya Busia inapoachana na ya Bondo, neno presha lina maana mbili. Kuna ile ya wazee, ambayo dawa yake iko kliniki. Halafu kuna ile ya kijana wa kidato cha nne ambaye karo yake imechangwa na ukoo mzima, au ya yule winga ambaye kijiji kizima kimeshaamua atacheza Ulaya. Hii ya pili tuna dawa moja tu: jikaze. Akiwa mvulana tunamwongezea na sabuni juu, jikaze kisabuni, bila kueleza sabuni inahusika vipi.

Je, kumwambia mtu hivyo ni kumsaidia, ama ni kumwambia akaumie mbali na macho yetu?

Mchezo wa vitara, au fensing kama wengi tunavyouita, sijauona ukichezwa hapa kwetu. Nairobi kuna Tsavora Fencing Mtaani, klabu aliyoianzisha Mburu Wanyoike, inayofundisha vijana wa mitaa kama Mathare. Lakini aliyewafanya Wakenya wengi wajue kwamba mchezo huu upo ni Alexandra Ndolo, mzaliwa wa Ujerumani, baba Mkenya na mama Mpolandi. Mwaka 2022 jijini Cairo alifika fainali ya dunia ya epee akiichezea Ujerumani, akafungwa 11-10 na Song Sera wa Korea Kusini. Baada ya medali hiyo ya fedha akahamia bendera ya Kenya, na Paris 2024 akawa Mkenya wa kwanza kushindana katika vitara kwenye Olimpiki. Pambano lake la kwanza huko lilikuwa dhidi ya Olena Kryvytska wa Ukraine. Akatolewa, 13-12.

Pointi moja Cairo, pointi moja Paris. Ukiwa umekaa kwa kiti ni rahisi sana kusema "alizidiwa na presha". Hayo maneno hayaelezi chochote. Matokeo yakiwa 12-12, moyo wa anayeshinda unadunda vilevile, na hakuna mtu amewahi kusema fulani ameshinda kwa sababu ya presha. Tunaitaja hofu ya aliyeshindwa pekee, kama vile mwenzake alikuja na moyo wa chuma kutoka nyumbani.

Tazama hofu inafanya nini hasa kwenye mchezo huu. Uso hauonekani, barakoa imeufunika. Unaweza kulia humo ndani na jukwaa lisijue. Kama jikaze maana yake ni kuficha, basi barakoa imeshakufanyia kazi hiyo bure. Shida iko kwenye mkono. Kitara huongozwa kwa vidole. Hofu ikikuingia, vidole vinakuwa ngumi, bega linapanda, na ncha iliyopaswa kwenda moja kwa moja inaanza kuyumba. Mpinzani hahitaji kuuona uso wako. Anasoma ncha. Na hapa ndipo nadhani ushauri wetu unageuka sumu, kwa sababu kujikaza ndiko kunakoukaza huo mkono. Mtu anayeikana hofu yake anaongeza kazi nyingine juu ya ile aliyonayo: apigane na mtu, halafu apigane na mwili wake.

Wazee wetu walilijua hili, ingawa kwa njia yao. Sisi Wajaluo, ambao tunawafokea wavulana wakilia, ndio haohao wenye tero buru. Mzee akishazikwa, wanaume walishika mikuki na ngao, wakaswaga ng'ombe hadi mpakani, wakapigana vita vya kuigiza na kifo chenyewe, wakarudi wakiimba. Huzuni na hasira za boma zima zilipewa silaha, njia ya kupita, na saa ya kurudi nyumbani. Hakuna aliyeambiwa ajifanye hana uchungu. Sijui ni lini tulibaki na ile fimbo ya "wacha kulia" tukaisahau mikuki.

Utaniuliza, na hasira je, nayo tuiachie? Kuna kisa kilichonisaidia hapo. Julai 2023, kwenye mashindano ya dunia jijini Milan, Olga Kharlan wa Ukraine alimshinda Mrusi, Anna Smirnova, 15-7. Nchi zao ziko vitani. Kanuni ilidai washikane mikono. Kharlan akanyoosha kitara chake ili wagusanishe vyuma, mkono akaunyima. Akaondolewa mashindanoni. Baadaye kamati ya Olimpiki ikamhakikishia nafasi Paris, na huko akachukua shaba. Wapo waliosema alishindwa kujitawala. Mimi naona kinyume. Angeshindwa kujitawala, hasira ingetokea wakati wa pambano, na matokeo hayangekuwa 15-7. Aliipa hasira yake mahali pake, baada ya pointi ya mwisho, akijua adhabu inaweza kuja. Unaweza kukataa alichofanya, lakini huwezi kusema alipandwa na mori.

Ila Kharlan ni mtu mzima, na Ndolo alikuwa na miaka 37 Paris. Bendera aliyobeba aliichagua mwenyewe. Mtoto wa miaka 15 hachagui. Tunampakia matumaini yetu, deni la harambee, jina la babu, halafu akitetemeka tunamwona mnyonge. Bana, hiyo si haki. Na simaanishi tuache kumtumaini, maana upendo wa huku kwetu unakuja na mzigo. Namaanisha kwamba aliyempakia mtoto mzigo hana haki ya kumkataza kusema ni mzito.

Pambano la pointi 15 lina vipindi vitatu vya dakika tatu, na kati yake dakika moja ya mapumziko. Kocha anaruhusiwa kusogea. Sekunde sitini. Wengi wetu tungezimaliza tukipiga kelele, jikaze, jikaze, mama yako anaangalia. Ningependa kocha auangalie kwanza mkono.

"Unaogopa?"

"Ndio, kocha."

"Sawa. Legeza vidole. Yule anainua kiwiko kila akija. Mlenge hapo chini ya kiganja."