Taa Tano Zikiwaka Pamoja

Kwa waliokosa ibada ya Jumapili, somo lilikuwa Yoshua sura ya 7. Isome yote nyumbani, si ndefu. Na mliokuwepo mnivumilie nikirudia habari ya gari, kwa sababu baada ya ibada ndugu watatu walinifuata nje kuniuliza fundi yule yuko wapi, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza juu ya Akani!

Ilikuwa Alhamisi jioni, natoka Nakuru kurudi Nairobi. Mvua inanyesha, nimewasha taa kubwa, waipa na feni. Nilipopita Gilgil, taa ya ABS ikawaka kwenye dashibodi. Kabla sijamaliza kusema "Yesu!" ikafuata ya mifuko ya hewa, ya usukani, ya injini, na ile ya gari kuteleza. Taa tano ndani ya dakika moja. Usukani ukawa mzito kama wa lori. Mimi nimesomea biashara, kwa hivyo kufika Naivasha nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kila taa na nimeshauza gari kichwani.

Fundi wa kwanza alichomeka mashine, ikasoma makosa kumi na moja. Akaniambia kila kosa na kipuri chake. Nikanunua sensa ya gurudumu moja, shilingi 6,500, tuanze nayo. Akafuta makosa kwa mashine, dashibodi ikawa safi. Nilimshukuru Mungu kwa siku mbili. Siku ya tatu taa zote tano zikarudi.

Fundi wa pili ni mzee wa umeme wa magari. Hakutaka kujua ni taa gani. Aliuliza, "Pasta, zilianza moja moja ama zote pamoja?" Nikamwambia pamoja. "Basi usinunue kitu kingine."

Akatoa mita. Betri, injini ikiwa imezimwa, ilikuwa volti 12.5. Injini ikinguruma, 14.1. Kwa hivyo betri ni nzima, altaneta inachaji. Mimi nilidhani tumemaliza. Akaniambia niwashe kila kitu, taa, feni, waipa, nizungushe na usukani. Akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, na nyingine kwenye bodi ya gari. Hapo inafaa isome karibu na sifuri. Ilisoma volti 3, na kila nikizungusha usukani inaruka juu zaidi. Akafuata ule waya mweusi wa arthi kutoka kwa betri mpaka pale unapofungwa kwenye bodi, akafungua boliti. Chini yake kutu, na unga wa kijani.

Alinieleza hivi. Gari la siku hizi lina kompyuta nyingi: ya injini, ya breki, ya usukani, na kadhalika. Zinaongea kupitia nyaya za pamoja, mfumo unaoitwa CAN, ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutambulisha mwaka 1986. Umeme ukipungua, kompyuta moja inanyamaza. Zile zingine zinaandika malalamiko: mwenzangu simsikii. Akanionyesha orodha ya makosa yangu kumi na moja. Mengi yalianza na herufi U, yaani ni ya mawasiliano. Hakuna aliyesema "mimi nimeharibika." Kila mmoja alikuwa anamsema mwenzake. Jameni, si hiyo ni nyumba za watu tunazozijua?

Sasa turudi Ai. Israeli wameangusha Yeriko, halafu wanapigwa na mji mdogo, watu 36 wanakufa. Ungemuuliza mtu wa mikakati angekupa sababu tano nzuri: jeshi lilikuwa dogo, wapelelezi walijiamini kupita kiasi, na kadhalika. Yoshua mwenyewe alilala kifudifudi mpaka jioni, na Mungu akamwambia ainuke. Angalia kilichofuata asubuhi. Kabila moja moja, akapatikana Yuda. Halafu ukoo, halafu nyumba, halafu mtu mmoja mmoja. Ni kufuata waya mpaka mwisho wake. Vazi, fedha shekeli 200, dhahabu shekeli 50, vyote vimefukiwa ardhini ndani ya hema.

Nitasema langu. Miezi hiyo hiyo nyumbani kwangu kulikuwa na taa zake. Nilikuwa nagombana juu ya tokeni za stima. Kifungua mimba wetu alishuka darasani. Mke wangu aliacha kuniuliza siku imekuwaje. Silali, na nikiomba naona napiga kelele tu. Nikafanya kama fundi wa kwanza. Bajeti mpya kwa stima, mwalimu wa jioni kwa mtoto, mfungo wa siku tatu kwa familia nzima. Kila moja ilisaidia kidogo, halafu tunarudi pale pale.

Jambo lenyewe ni hili. Nilimdhamini rafiki mkopo wa sacco. Akaacha kulipa, wakaanza kukata kwangu, nami nikaziba pengo kwa mikopo ya simu, huu unalipa ule. Mke wangu hakujua. Miezi tisa. Mzee alipofungua ile boliti nilinyamaza, akadhani ninaogopa bei. Alinitoza shilingi 1,500. Karatasi ya msasa, na kukaza.

Lakini tusikosee. Usiende kwa mgonjwa wodini ukamwambia kuna Akani kwake. Marafiki wa Ayubu walifanya hivyo na Mungu akawakasirikia. Na katika Yohana 9 Yesu alikataa kabisa hesabu hiyo juu ya yule kipofu. Hata gari langu, taa nne zilizima, ya ABS ikabaki. Hiyo ilikuwa inasema ukweli: waya wa sensa ya gurudumu lingine ulikuwa umekatika. Na kuna taa nyekundu, ya oili au ya joto la injini. Ikiwaka hiyo unasimamisha gari pembeni na kuzima, hutafuti chanzo ukiendesha. Dada, ndugu, ukipigwa nyumbani hiyo ni taa nyekundu. Toka kwanza, utupigie simu tukiwa na wewe mahali salama. Mambo ya chanzo yatangoja.

Nilimwambia mke wangu usiku ule ule. Hakulia. Aliomba simu yangu na daftari, akaandika mikopo yote, kisha hakuongea nami siku mbili, na alikuwa na haki. Deni bado lipo. Taarifa ya sacco sasa inakuja kwa simu yake. Amesoma ukurasa huu kabla ya kuchapishwa, na amefuta sentensi moja.

Jumatano kuanzia saa kumi na moja jioni, mimi na yeye tutakuwa ofisini kwa yeyote anayetaka kuongea. Mkiweza, njooni wawili.