Je, Ardhi Iliyokuwa ya Uchafu Hutahirika?

Kijana wetu mmoja auzaye nguo Kericho, katika nchi ya chai, ameniandikia suala ambalo huenda wengine wakalicheka. Amekutana na msafiri Mjerumani aliyemhadithia habari ya mji wa Münster. Tangu mwaka 1901 mji ule ulimwaga majitaka yake katika mashamba ya nje ili ardhi iyachuje, na ndege wa majini wakayapenda madimbwi yale, wakashukia hapo kwa maelfu. Ulipojengwa mtambo mpya wa kusafishia mwaka 1975, ilitakiwa mashamba yakaushwe pajengwe viwanda. Wapenzi wa ndege wakapinga, na leo pahala hapo ni hifadhi. Aniuliza kijana: lau adhuhuri ingemkuta Mwislamu hapo, angeswali?

Mimi sikulicheka. Mafakihi wetu wa Kishafii wamefundisha kwamba maji yaliyofika kula mbili, yakigeuzwa na najisi, kisha mageuko yale yakaondoka yenyewe, hurudi kuwa tohara. Lakini yakitiwa miski hata harufu isisikike, hayatahariki, maana uchafu umefichwa tu. Na Baraza la Wanazuoni Wakubwa la Saudia liliamua mwaka 1978 kwamba majitaka yakisafishwa hata isibaki athari ya najisi katika ladha, rangi wala harufu, yafaa kutawadhia. Ama udongo, Wahanafi hutosheka ukikauka na athari ikatoweka. Sisi twataka ayni ya najisi iondoke, kisha maji yapite juu yake. Na Kericho, alhamdulillahi, mvua si haba.

Wingi wa ndege, basi, si dalili ya tohara. Ndege walikuwapo uchafu ungali ukimwagwa.

Lakini kuna haki ya mwenye kuishi chini ya mto, nayo kijana hakuiuliza. Mto Nyangores wapita mjini Bomet, hukutana na Amala, ukawa Mara, ukaingia Tanzania. Amwagaye uchafu Bomet amewachafulia maji watu asiowajua, wa nchi nyingine, nao ni vigumu kwao kumshitaki. Wala sisi wa Mombasa tusijitoe: majitaka mangapi ya mji wetu huishia baharini vivyo hivyo, nasi twajadiliana namna ya kutawadha!

Nimemjibu kwamba aswali, akisha kuhakikisha ayni ya najisi haipo. Kisha nikamtaka aniambie majitaka ya nyumba anayokaa huko Kericho huenda wapi. Bado hajanijibu.