Mama na Makinda Yake

Kiangazi kinapokaza, maji ya Mbwemkuru na Lukuledi hupungua, na mahali pengi hubaki madimbwi. Sisi wa Nachingwea na Ruangwa tunajua kinachofuata. Mtu hutwanga majani ya utupa, huyamwaga dimbwini, na muda si mrefu samaki huelea, wakubwa kwa wadogo. Tumewala samaki hao, na mezani tukamshukuru Mungu kwa ajili yao.

Je, tulitenda dhambi? Wapo wasemao kwamba mwanadamu alipewa kuwatawala samaki, tena mwenye njaa hachagui. Njaa ni ya kweli, hatuidharau. Lakini katika kitabu cha Mwanzo samaki walibarikiwa wazidi siku ya tano, sisi tukiwa bado hatujaumbwa. Baraka yao haikupitia mikononi mwetu. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, humruhusu mtu kutwaa makinda kiotani, ila mama yao amwache aende zake. Kula kumeruhusiwa, kung'oa mzizi wa chakula kumekatazwa.

Sasa tumtazame perege. Jike hubeba mayai na watoto wake kinywani. Utupa hauachi mama wala makinda.

Wala sumu si hatari pekee. Humu mkoani Lindi, katika maziwa madogo ya Rutamba, Nambawala na Mitupa, yuko perege wa Korogwe, ambaye kwingineko hujulikana kaskazini, bonde la Pangani. Watafiti wamekuta anachanganyika na perege mgeni, mwenye asili ya maziwa ya Uganda na Kongo, hata uzao wake halisi uko mashakani. Mara nyingi samaki wageni hupandikizwa kwa nia njema, watu wapate kitoweo. Kumbe nia njema haitoshi. Wakili mwaminifu huuliza kwanza.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu. Lakini askari hafiki kila dimbwi, dhamiri hufika. Basi tukubaliane, kila kijiji kiache dimbwi moja lisiguswe hadi mvua irudi. Na jirani tunayemzuia kuvua humo tusimwachie sala tu. Tumpelekee unga. La sivyo, tutakuwa tumemhurumia samaki kwa gharama ya maskini, na huo nao si uwakili.